Usizime antivairasi ili upate Office

Haya, shikamooni wakubwa zangu, na nyie wengine habari za asubuhi. Naona walimu mko wengi leo na wenye steshenari pia, vizuri, maana nyie ndo laptopu zenu zinabeba kazi za watu.

Nianze na hiki. Unanunua laptopu yuzdi, haina Office, unampelekea fundi, anachomeka flashi yake, anazima antivairasi, anaweka kraki, yaani kiprogramu cha kukwepa leseni, dakika ishirini unapewa mashine ina Word na Excel umelipa elfu kumi. Umefurahi. Sasa jiulize kwa nini ile programu ilitaka antivairasi izimwe kwanza? Ni sawa na mgeni anayekwambia mfukuze mlinzi ndo niingie ndani. Mwisho wa 2021 kampuni ya usalama inaitwa Red Canary ilieleza kuhusu KMSPico feki, zile kraki za ku-aktivet Windows na Office, ndani yake kulikuwa na Cryptbot, kirusi kinachochota pasiwedi ulizosevu kwenye brauza. Na wewe humo umesevu imeili, akaunti ya benki, kila kitu, na Word inafunguka vizuri tu kwa hiyo huna hata habari.

Mdogo wangu yalimkuta, si hicho kirusi, ni kile cha flashi kinachogeuza mafolda yote kuwa shotikati. Ripoti ya fildi ya miezi miwili ndo ikapotea hivyo. Alilia, na mimi niliumia kwa sababu ni mimi niliyempeleka kwa yule fundi.

Sasa njia. Kama una hela ya Microsoft nunua kwao wenyewe, sawa kabisa. Kama huna, weka LibreOffice, programu inayofanya kazi kama za Word na Excel, ni bure kihalali, haiombi namba ya leseni wala akaunti. Ilianza 2010 watu walipojitenga na OpenOffice, ile ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri Kiswahili mwaka 2004 wakaiita Jambo OpenOffice, kwa hiyo ukoo wake si mgeni kwetu.

Andika libreoffice.org mwenyewe pale juu kwenye brauza, usiitafute Google ukabonyeza cha kwanza, maana cha kwanza mara nyingi ni tangazo na matangazo ya namna hiyo yameshaumiza wengi. Faili ni kama MB 350. Ukiliinstoli Windows inauliza ndiyo au hapana, watu wote hapa wanabonyeza ndiyo bila kusoma, naomba msome, jina la mtengenezaji liwe The Document Foundation. Likiwa jina jingine au hakuna jina, bonyeza hapana ufute faili.

Kuhusu docx, yaani faili za Word, za ofisini, inafungua na inasevu, nenda Tools, Options, Load/Save, General, weka Word iwe ndo aina ya kawaida ya kusevu. Barua ya Calibri haivurugiki sana kwa sababu inakuja na Carlito, fonti yenye upana ule ule wa herufi. Excel zenye makro nzito, yaani zile amri zinazojiendesha zenyewe, hapo sikudanganyi, zinasumbua.

Mama pale nyuma ameuliza bando, na ni swali la maana sana, MB 350 kila mtu ni hela. Mmoja adaunlodi, wengine mchukue kwa flashi, ila mkague. Fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Inatoka namba ndefu ya herufi 64, ni kama alama ya kidole ya faili hilo. Linganisha na ile iliyoko kwenye tovuti yao, ukurasa wa maelezo ya faili, hiyo unaisoma hata kwa simu. Ikitofautiana hata herufi moja usiliguse.

Mimi nimelileta kwenye flashi hii hapa. Msiniamini, toeni simu tusome namba pamoja kabla hajainstoli mtu.