Nani Anaimba Katikati?

(Niliongea haya kwenye mkutano wa mwaka wa klabu yetu ya muziki wa klasiki hapa Mbeya. Nimeyatoa kwenye rekodi ya simu na nimeyaacha karibu yote kama yalivyotoka mdomoni.)

Wazee shikamooni. Wengine wote, poleni na baridi. Naona mmejifunga makoti na mablanketi kama mko Kitulo, na madirisha ya darasa hili mnayajua, kwa hiyo nitaongea haraka. Cheka tu, najua mwaka jana nilisema hivyohivyo nikatumia saa nzima na dakika 20.

Katibu kaniandikia karatasi, mambo matano: mazoezi, vyombo, michango, safari ya Iringa, wanachama wapya. Nitayafikia yote, katibu usinikazie macho. Ila naanza na lile langu, na mliokuwepo mwaka jana na mwaka juzi mnalijua, mkitaka kulala laleni sasa hivi.

Tuko 19. Soprano, wale wa sauti ya juu kabisa, 11. Na humo nahesabu wanaume wanaoimba soprano ileile kwa chini halafu wanajiita tenori. Alto, wanawake wa sauti ya chini ya soprano, ni 3, na mmoja wao kila Jumamosi ananisubiri mlangoni, "mwalimu, mi naona sauti yangu ni ya juu." Dada yangu, sauti yako sio ya juu, umechoka kukaa mahali ambapo hakuna anayekusikia, na mi nakuelewa kabisa. Tenori wa kweli, wanaume wa sauti ya juu, ni 2. Besi, wa chini kabisa, 3, mmoja yuko zamu ya usiku wodini kwa hiyo nusu ya mazoezi anaimba amefumba macho. Sasa swali langu la miaka yote ni moja tu. Nani anaimba katikati?

Ngoja niwasimulie ya mzee wetu. Mmeshaisikia, mtaisikia tena, kuna wageni leo.

Tulialikwa kwenye mahafali, shule siitaji, tukaenda kama wanachama sita hivi tukakaa huku na huku na wazazi wengine. Wakati wa wimbo wa taifa ukafika, kijana wa mitambo akaweka flashi, muziki ukaanza, watu wote wamesimama wima, wanaoimba wawili watatu, maana siku hizi sabufa ndio linaimba sisi tunasimama tu. Mstari wa pili umeme ukakatika. Kimya. Mgeni rasmi kasimama, bendera iko pale, na wimbo wa taifa huwezi kuuacha njiani kama daladala iliyoisha mafuta. Basi mama mmoja mbele, Mungu ambariki, akaushika. Akaushika juu kweli, yani juu ya paa, na ukumbi mzima ukamfuata hukohuko juu, watu shingo zimetoka mishipa, wote sauti moja. Katikati ya hapo nikasikia kitu upande wa kushoto. Mzee wetu, yule fundi seremala mnayemjua, ameingia na tenori yake. Hakupiga kelele. Akaiweka tu chini ya ule wimbo kama mtu anavyoweka mkono chini ya meza inayotikisika. Besi wetu mmoja akamsikia kutoka nyuma kabisa, akaingia. Na mi nikachukua alto kwa chini maana hapakuwa na mtu. Watu watatu! Ukumbi wa watu mia na zaidi, watatu tu, na nawaambia wimbo uligeuka. Yule mama alipumua. Wale waliokuwa wanapiga kelele wakapunguza wenyewe, bila kuambiwa, kwa sababu sasa palikuwa na sakafu ya kusimama.

Tukamaliza, tukakaa. Dada mmoja aliyekuwa pembeni ya mzee akamgeukia kwa heshima zote akamwambia, "Pole babu, ule wimbo ulikupotea kidogo, eeh?"

(Kicheko.)

Mnacheka, mi sikucheka siku ile. Mzee mwenyewe alimjibu "asante mjukuu wangu" basi. Lakini fikiria. Mtu pekee safu ile aliyeujua wimbo wenyewe ndiye aliyeonekana amepotea. Na yule dada hana kosa! Toka chekechea amefundishwa kwamba wimbo ni ule mstari wa juu, na ukisikia mtu anaimba kitu kingine basi amekosea.

Sasa kuna mtu hapo nyuma ameshaanza, namwona midomo, "mwalimu, ule ni wimbo wa taifa, hauhitaji sauti nne." Ndugu yangu, ule wimbo ulizaliwa na sauti nne. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti kule Johannesburg, aliutunga 1897 kama wimbo wa ibada, akauandika kwa solfa, soprano alto tenori besi, zote zipo. Ni hizihizi do re mi zenye nukta na koloni ambazo mnazilalamikia kwenye makaratasi yangu, alizozisambaza John Curwen, mchungaji wa Uingereza, ambaye naye alizichukua kwa mwalimu mwanamke wa Norwich, Sarah Glover, akazirekebisha. Kwa hiyo mwalimu wa Johannesburg alikuwa anaandika kwa mkono uleule mnaoukimbia nyie. Na mkivuka tu pale Tunduma, Wazambia wana maneno yao lakini sauti ni hiyohiyo. Kila mtu mwenye miaka sita nchi hii ana kipande cha sauti nne kichwani mwake, na robo tatu ya hicho kipande hajawahi kuisikia.

Na yule wa "muziki wa sauti nne ni wa Wazungu" namjibu hapohapo. Nenda Dodoma. Sikiliza Wagogo. Msikilize marehemu Hukwe Zawose na wenzake, sauti zinavyopandana, huyu anashika chini, huyu katikati, mwingine anacheza juu, na hakuna aliyewapa karatasi ya solfa. Au basi usiende mbali, wale mliokulia Moraviani, wamisionari wale walifika Rungwe 1891 na kanisa lao lina mila ya tarumbeta toka kwao Ujerumani, kubwa na ndogo, kila moja na mstari wake. Mmeimbiwa sauti nne mkiwa mgongoni kwa mama zenu. Msinidanganye.

Tatizo liko wapi basi? Mi nasema liko mfukoni. Simu. Ile spika ya simu ni kidude kama kifungo cha koti, haiwezi kutoa sauti nzito hata ukiipigia magoti, kwa hiyo ukiisikilizia kwaya unachopata ni soprano na vumbi. Haya, ukikimbilia kwenye sabufa, linakupa ngumi ya chini na biti. Simu imekula chini, sabufa limekula juu, na katikati kumekuwa sio kwa mtu. Mtoto amekua hivyo miaka 15 halafu anakuja kwangu namwambia wewe ni alto, ananiangalia kama nimemfukuza.

Ndio maana zile Jumatano jioni. Najua mnasema mwalimu anatukalisha kusikiliza kipande kimoja mara tatu kama adhabu. Mara ya kwanza sikiliza unavyotaka, kunywa chai yako ya Tukuyu, kula kiazi chako. Mara ya pili fuata besi peke yake, ya chini kabisa, usimwachie. Mara ya tatu, hapa ndipo mnaponichukia, mtafute viola. Kwenye kwarteti ya nyuzi, yani vyombo vinne, kuna violini mbili, viola ambayo ni kubwa kidogo kuliko violini, na chelo ya chini kabisa, na viola ndiye anayefichwa kuliko wote. Wiki tatu za kwanza hakuna mtu aliyempata. Wiki ya nne yule kijana wetu wa bodaboda akaruka kwenye kiti, "Huyo hapo! Huyo hapo!" kama amemwona mwizi wa pikipiki yake. Toka siku hiyo hakosi Jumatano, na ndiye tenori wangu wa pili.

Na kama mnadhani katikati ni mahali pa waliokosa nafasi, Johann Sebastian Bach, yule mtunzi wa Ujerumani ambaye angeweza kukaa popote, alipokuwa anapiga na wenzake alipenda ashike viola. Hilo alilisema mwanawe Carl Philipp Emanuel, akaliandika. Mtu aliyejua kupangilia sauti kuliko wote alichagua kukaa katikati yake. Vienna 1784 wakakutana watunzi wanne kupiga kwarteti, Haydn violini ya kwanza, Dittersdorf ya pili, Vanhal chelo, na Mozart? Viola. Mozart! Hapa kwetu Mozart angeshapelekwa mbele ashike maiki.

Halafu naona mmoja anataka kunitajia Haleluya ya Handel, maana kila nikisema hivi soprano wananitajia Haleluya. Sawa, twende. Kile kipande mnachokipenda kuliko vyote, cha Mfalme wa wafalme, mnapofumba macho mkanyoosha mikono. Soprano wanafanya nini pale? Wanashikilia nota moja ndefu. Halafu wanapanda ngazi moja, wanashikilia tena. Wanapanda, wanashikilia. Kama nguzo ya umeme! Kazi yote iko chini, wale wengine ndio wanaorusha "milele na milele" na haleluya zao, wasipokuwepo wale nyie mnabaki mnapiga honi. Desemba iliyopita alto walikuwa 2, mmoja ana mafua. Mlisikia wenyewe. Yule mgeni aliyetoka Dar alisema "vizuri sana" akaangalia saa.

Na tukiwa hapo, Messiah yote, ile kazi ambamo Haleluya imetoka, ni kama saa mbili na nusu, Handel aliiandika kwa siku 24 mwaka 1741, na sisi mwaka wa sita huu tunaimba dakika nne zilezile. Naomba mwaka huu tuongeze kipande kimoja. Kimoja tu. Basi.

Haya, dakika ngapi? Kumi? Sawa katibu.

Vyombo. Violini 4, chelo hatuna, viola ipo 1 na iko kabatini kwa katibu kwa sababu kila mtoto akiishika anauliza kama ni violini iliyokua. Namtafuta mtu, hata mtu mzima, hata asiyejua kitu, nitamfundisha bure, kwa masharti kwamba hatanidai asogee mbele. Na huu msimu wa baridi kavu mti unasinyaa, vile vigingi vya kukazia nyuzi vinaachia vyenyewe, kwa hiyo ukikuta nyuzi zimelegea usimsingizie mdogo wako na usikaze kwa nguvu kama unafunga boliti ya fuso, utakata. Usiache chombo dirishani wala karibu na jiko la mkaa. Mmeelewa. Kinanda, naomba kwa mara ya mia ile biti ya ndani izimwe. Tunaimba wimbo wa 1700 na kitu halafu chini kuna tu-tu-tu kama harusi, na anayebonyeza namjua na yuko hapa.

Michango, mnajijua. Orodha iko ukutani, mi sitaki kumtaja mtu mbele ya wageni.

Iringa. Wenzetu wa kule wametualika tuimbe pamoja, na kwao tatizo ni kinyume, wana besi mpaka wanagombana, soprano hawana. Mi nikasema Mungu ametuona! Tukapiga hesabu ya gari, Makambako, Mafinga, mpaka mjini, kulala usiku mmoja. Waliolipa mpaka jana ni 7. Katika hao 7 soprano ni... haya, msiniulize, mtalia.

Wanachama wapya. Hapa nilikuwa na mengi, nilikuwa niongelee shule za msingi na wale vijana wa chuo, nitayaacha. Neno moja. Ukimleta mtu, usimwambie "njoo uimbe." Mwambie njoo Jumatano usikilize, kuna viazi. Kuimba kutakuja.

Mlinzi naona ameshika funguo. Shikamoo mzee, dakika tano tu, hatukuibii madawati.

Mwisho kuna jambo nataka tulifanye badala ya kura ya shukrani, shukrani mtanipa barabarani. Simameni wote. Wageni pia. Wimbo wa taifa. Soprano wote 11, kaeni. Kaeni, nimesema, na mfunge midomo. Ndio, na wewe kaka, hiyo sio tenori. Alto njooni hapa mbele, mko wangapi leo, watatu? Vizuri. Mzee wangu, sogea karibu. Wageni ambao hamjui cha kuimba, chagueni mmoja kati ya hawa, mkae nyuma ya bega lake mumfuate yeye tu. Mtasikia kitu cha ajabu, msiogope, hamjapotea.

Nani ana do?