Ngozi kupauka: oga hivi, paka mafuta hivi

Karibu mtazamaji. Kipupwe kikiingia, miguu inapauka, mikono inawasha, na kopo la mafuta linakwisha upesi huku ngozi ikibaki vilevile. Kabla hujabadilisha mafuta, twende kwanza bafuni, maana kosa mara nyingi huanzia huko.

Changanya maji ndooni mpaka yawe vuguvugu. Pima kwa kiwiko, kama unavyopima ya kumwogesha mtoto mchanga. Maji ya moto sana huondoa mafuta ya asili ya ngozi, na yakishaondoka, unyevu wa ndani nao unapotea. Dakika tano hadi kumi zinatosha kuoga.

Sasa sabuni. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha asidi, ni karibu 5; namba ikipanda, asidi inapungua. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, hufika 9 au 10, ndiyo maana ukiiogea unahisi ngozi imekaza. Mkazo huo si usafi, ni ukavu. Tumia sabuni laini ya kuogea isiyo na manukato makali, na uielekeze kwenye makwapa, kinena, makalio na nyayo. Mapaja, mgongo na mikono, kama hukushinda kwenye vumbi au jasho, suuza kwa maji tu.

Dodoki lisogeze taratibu, mara mbili au tatu kwa wiki. Wapo wanaosugua mpaka nongo zote ziishe. Haziishi. Sehemu kubwa ya nongo ni seli zilizokufa, na ukizidi kusugua unafika kwenye ngozi hai, nayo hujilinda kwa kuwa nene na nyeusi zaidi. Angalia viwiko na vifundo vya miguu. Ukimaliza, suuza dodoki, likamue, ulianike nje ya bafu. Likianza kunuka, litupe.

Chukua taulo. Usifute, gandamiza tu, na uache ngozi ikiwa na unyevunyevu. Lakini katikati ya vidole vya miguu, chini ya matiti na kwenye kinena, kausha kabisa, kwa sababu fangasi hupenda majimaji.

Hatua inayofuata ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa na haraka ya asubuhi. Paka mafuta ndani ya dakika tatu tangu ujikaushe. Mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayazuia yasitoke. Ukinywa chai kwanza, ukapiga pasi, kisha ndiyo upake, unafunika ngozi iliyokwishakauka, itang'aa saa moja halafu ipauke tena. Chota kiasi cha punje ya harage, kiyeyushe viganjani, kipake mguu mmoja kuanzia goti kwenda chini. Ongeza kisigino kikiwa na nyufa, kisha vaa soksi ukilala.

Usoni ni habari nyingine. Mafuta ya mgando na ya nazi, hata yale ya nywele yanayoshuka kwenye paji, huweza kuziba vinyweleo na kuleta chunusi. Hapo tumia losheni nyepesi yenye glisirini. Chunusi ikitoka usiitumbue: kwenye ngozi nyeusi, doa linalobaki linaweza kukaa miezi.

Kabla ya kwenda juani, juu ya losheni hiyo paka kinga ya jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi, mistari miwili iliyojaa kwenye vidole viwili, kwa uso na shingo. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Mwenye ualbino asiiache hata siku ya mawingu, na avae kofia pana na mikono mirefu.

Na tafadhali, usiguse mkorogo. Mingi huwa na zebaki, haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho). Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inajitokeza, na zebaki inaumiza figo. Kama umeshatumia kwa muda mrefu, nenda kwa daktari wa ngozi akusaidie kuacha, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi huweza kuwaka vibaya ukiacha ghafla.

Muone daktari pia kwa kidonda kisichopona baada ya wiki nne, doa jeusi linalokua kwenye unyayo au chini ya ukucha, au muwasho wa usiku unaowapata watu wote nyumbani. Huo wa mwisho huenda ni upele, ule unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ngozini, na watu wote nyumbani hutibiwa siku ileile, na nguo na mashuka yakifuliwa kwa maji ya moto.