Ufunguo wa Kufuli Ukae Mfukoni Mwako

Mambo vipi wadau, niko brek hapa nina dakika chache. Kuna ndugu kaniuliza inbox eti huko ughaibuni watu wanafata vipi sheria za usalama kazini, ni faini ama? Nikaona hili nilijibu kwa video kabisa maana linanigusa.

Sio faini jamani. Faini inakufanya uvae helmeti bosi akipita, akigeuka tu ishavuliwa.

Kazi yangu ya kwanza huku walikuwa na bonasi, mwezi ukiisha bila ajali timu nzima inapata. Si nzuri? Sasa kuna mwenzetu akachanika kidole, damu inatoka kabisa, akajifunga tepu ya maboksi akavaa glovu juu yake akaendelea na kazi, anaogopa watu watamnunia wakikosa hela. Na ule upanga wa mashine uliomkata ukabaki vilevile bila kava, kwa sababu kwenye karatasi hakuna ajali. Hiyo bonasi ilinunua ukimya tu.

Hapa nilipo sasa, wiki ya kwanza mkanda wa mizigo ukakwama, boksi limenasa, mi nikanyoosha mkono nilivute. Supavaiza akanishika bega, hakunifokea. Akazima swichi kuu, akanipa kufuli nilifunge mwenyewe pale kwenye swichi, lina kitambulisho cha jina langu, halafu ufunguo akaniambia weka mfukoni, mpaka utoe wewe hakuna mtu wa kuuwasha huu mkanda, hata mimi. Mzigo unachelewa, simu inaita, yeye kasimama tu ananingoja. Wadau, mafunzo nimekaa mengi sana ila kilichoniingia ni kumuona mkubwa anakubali kuchelewa kwa ajili ya vidole vyangu.

Mfanyakazi anaangalia bosi anafanya nini siku kazi imebana, basi. Paul O'Neill alivyopewa uongozi wa Alcoa, kampuni ya aluminiamu ya Marekani, mwaka 1987, kikao chake cha kwanza na wawekezaji akaanza na usalama wa wafanyakazi, faida hakuitanguliza, watu wakashangaa huyu vipi. Ajali zikashuka na faida ikapanda.

Na kingine, vifaa viwe vinavaliwa jamani! Miwani inayoingia ukungu kila dakika mbili mtu ataivua tu, haoni, mnataka afanyeje? Muulizeni anayeivaa kabla hamjanunua.

Kwa hiyo wewe unayesimamia watu, hata watatu tu, mtu akija kukwambia hii ngazi inacheza, mshukuru mbele ya wenzake na ngazi itolewe siku hiyohiyo. Ukimwambia "tutaangalia" ujue hatokuja tena, na wanaosikia hawatokuja pia.

Haya kengele hiyo, narudi ndani. Niandikieni hapo chini kazini kwenu mtu akisimamisha mashine anaambiwaje, nitazisoma zote jioni.