Rubani anakaba steringi muda wote? Jibu kwa mdogo wangu wa Uyole

Ugonile watu wangu wa Mbeya, Tukuyu, Kyela, na Iringa kamwene wote! Niko hapa Calgary, Kanada, baridi ya kufa mtu, ndo nimetoka kwenye somo la kurusha ndege, sijavua hata koti, maana kuna mdogo wangu wa Uyole kaniuliza, dada, hivi rubani akitoka Dar mpaka uwanja wa ndege wa Songwe anakuwa kakaba steringi mwanzo mwisho, mikono haimuumi? Swali zuri sana hilo, nimelifikiria wiki nzima.

Haraka haraka: ukizungusha steringi kushoto, vibao vya mwishoni mwa mabawa vinacheza, kimoja juu kingine chini, ndege inalalia kushoto. Ukiivuta kifuani, kibao cha mkiani kinapanda, mkia unashuka, pua inanyanyuka. Miguuni kuna pedali za usukani wa mkia. Basi.

Sasa utamu uko hapa. Mnawajua wale jamaa wanaoshusha viazi sokoni kwa baiskeli, gunia likikaa nyuma sana gurudumu la mbele linataka kunyanyuka, jamaa anakandamiza usukani njia nzima mpaka mabega yanakufa ganzi. Ndege ni hivyo hivyo, mizigo ikikaa nyuma, mafuta yakipungua, ukiongeza moto, yaani nguvu ya injini, ukibadilisha spidi, mkono unasikia uzito mwingine kabisa. Mwenye baiskeli atasimama asogeze gunia, rubani atasimama wapi? Ndo maana kuna trimu.

Kwenye Cessna 172 ninayojifunzia, ya watu wanne, trimu ni kigurudumu kiko hapa katikati chini ya dashibodi, unakizungusha kwa vidole tu. Huko mkiani kinachezesha kijibao kidogo kilichoshikizwa kwenye kile kibao kikubwa, na kijibao kinaenda kinyume: chenyewe kikishuka, upepo unakisukuma juu na kile kikubwa kinapanda nacho. Yaani upepo wenyewe unashika badala ya mkono wako! Mi hiyo kitu ilinikaa moyoni.

Ila trimu siyo ya kuendeshea ndege. Weka pua kwa mkono kwanza, weka moto, subiri spidi itulie, halafu ndo utrimu mpaka mkono usisikie mzigo. Na ikishatulia, ndege inaishika ile spidi, ukiitrimu kwa noti 90 (noti ndo kipimo cha spidi ya ndege) halafu ukapunguza moto, pua inashuka yenyewe kuitafuta 90, ukiongeza inapanda.

Hapo ndo nilipopata funzo mwezi uliopita. Nakuja kutua, flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vya kutulia, zote chini, nimetrimu kwa spidi ndogo ya kutua, mwalimu akasema ghairi, panda tena. Nikasukuma moto wote, wee, pua ikapanda kwa nguvu, steringi inanijia kifuani, nasukuma kwa mikono miwili huku spidi inakufa. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini kabisa, sukuma, usiachie, sasa trimu. Nikashika kwa mkono mmoja, mwingine nikazungusha kile kigurudumu kwenda mbele, mara tatu nne, uzito ukayeyuka. Usiku huo niliiwaza Songwe, pale ni juu zaidi ya mita 1,300, mchana wa jua hewa inakuwa nyepesi, injini ndogo nguvu inapungua, ukichelewa kusukuma pua pale hauna akiba kubwa ya kukuokoa.

Kwa hiyo mdogo wangu, hapana, hakabi, na safari ndefu otopailoti, mtambo wa kujiendesha wenyewe, ndo inashika na kutrimu, ila anayeijua trimu kwa mkono wake ni yeye.

Na siku ukipanda jeti pale Songwe, si tunatembea kwa miguu mpaka kwenye ngazi? Tazama mkiani. Kwenye jeti nyingi siyo kijibao tena, ni bawa lote la mkia linalopanda na kushuka, utaona ubavuni mwa ndege limeacha alama ya kusugua na mistari ya vipimo. Piga picha unitumie.