Kuunganisha Terminali ya Mbali kwa Modemu za Simu

Karibuni tena dukani kwetu Kariakoo. Leo tutaiunganisha terminali ya VT220, yaani skrini na kibodi vinavyotumia kompyuta iliyo kwingine, iliyoingia sokoni mwaka 1983, na kompyuta ya Linux iliyoko chumba cha nyuma, kwa kutumia modemu mbili, vifaa vinavyopitisha data kwenye waya wa simu kama sauti. Kwa kuwa hatuna laini mbili za mezani, swichibodi ndogo ya ofisi inatutosha. Ndiyo maana amri yetu ya kupiga simu ina X3, inayoiambia modemu isisubiri mlio wa laini, maana mlio wa swichibodi huenda isiutambue.

Kuchomeka umeme na waya za simu mnakujua. Kebo ya terminali na modemu iwe ile iliyonyooka, pini ya 2 ikienda kwenye 2 na ya 3 kwenye 3. Iliyopishana ni ya kompyuta kwa kompyuta, na kwa kuwa zinafanana kwa sura na zote tunaziuza, tafadhali ulizeni kabla ya kulipa.

Sasa naomba usikivu wenu. Modemu ya upande wa kompyuta ndiyo itakayopokea simu, na kabla ya kuwasha agetty, programu inayomkaribisha mtumiaji, ni lazima uipe amri hii kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde: AT&C1&D2S0=1E0Q1&W. S0=1 huifanya ipokee simu mlio wa kwanza, &C1 huifanya itoe ishara ya muunganisho pale tu ambapo muunganisho upo kweli, &D2 hukata simu kompyuta inapoiachia, na &W huhifadhi yote. E0 na Q1 ndizo watu huziruka. Zikikosekana, agetty inaweza kutuma neno «login», modemu ikalirudisha kama mwangwi, agetty ikadhani hilo ni jina la mtumiaji na kudai nywila, nayo modemu ikairudisha vilevile, wakajibizana kama majirani wagomvi huku mteja akija kutuambia kwamba modemu ni mbovu.

Ukishatuma amri hiyo, OK haitatokea, kwa sababu Q1 imeinyamazisha modemu. Usiirudie, usiizime. Narudia: kimya hicho ndicho jibu sahihi. Vilevile agetty isipewe alama ya -L, kwani huifanya ipuuze ile ishara ya &C1.

Kwenye terminali, bonyeza F3, weka 9600, toka, kisha andika ATX3DT21, yaani namba ya ndani ya chumba cha nyuma. Sikilizeni miluzi hiyo; mimi spika siizimi kamwe, maana hunijulisha mapema kama mazungumzo ya modemu hizo mbili yamekwama. CONNECT imetokea.

Subirini, sogeza kamera hapa. Mnaona nusu ya herufi zinasomeka na nusu ni alama za ajabu? Kasi ingekuwa tofauti, tusingesoma hata neno moja. Hapa terminali imebaki kwenye biti 7 zenye pariti, yaani biti ya ziada ya kukagua makosa, ilhali kompyuta inatuma biti 8 bila pariti. F3 tena, biti 8, pariti hakuna, toka, kisha Enter. Sasa «login» inasomeka safi, nami naingia.

Ukimaliza andika exit, na taa ya CD kwenye modemu, inayoonyesha kuwa muunganisho upo, itazimika yenyewe. Msimu wa masika, radi zikianza, chomoa waya wa simu pamoja na wa umeme, kwa sababu modemu nyingi zinazoletwa hapa zimeungua kupitia tundu la simu.