Jinsi ya Kuendesha Gari Kusini mwa Utah: Zion hadi Moab

Karibuni tena watazamaji. Leo tuko Marekani: tunatoka Las Vegas, tunaingia jimbo la Utah, tunapita hifadhi za taifa za Zion, Bryce na Capitol Reef, tunamalizia mji wa Moab. Tenga siku tano. Ukibana ziwe mbili utaishia kuona lami tu.

Tuanze na gari. Njia yote hii ni ya lami, kwa hiyo gari dogo linatosha. Kabla hujasaini mkataba wa kukodi, fungua buti, inua zulia, utazame kama tairi la akiba lipo. Magari mengi ya siku hizi huwekewa kopo la dawa na pampu ndogo tu, na dawa hiyo haizibi tairi lililochanika ubavuni. Ukikuta kopo, omba gari lingine. Pakua na ramani kwenye simu kabisa, maana mtandao huko mbele ni wa kubahatisha. Maji, beba lita nne kwa kila mtu kwa siku.

Ukiingia Utah, saa husonga mbele kwa saa moja. Zion, miezi mingi ya mwaka, magari binafsi hayaingii bondeni: unaegesha Springdale, mji ulio mlangoni mwa hifadhi, unapanda basi la hifadhi bila kulipa nauli.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kama mnataka kutembea ndani ya mto pale Narrows, yaani korongo jembamba la Zion, msidanganywe na jua la utosini. Ulizeni kwanza kwa askari wa hifadhi kuhusu hatari ya mafuriko siku hiyo. Tarehe 12 Agosti 1997, katika korongo la Antelope kule Arizona, watu 11 walikufa kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali nao. Kwa hiyo maji yakigeuka tope, au vijiti na majani vikianza kuelea kwa wingi, usikimbilie ulikotoka. Panda juu hapo hapo ulipo.

Toka Zion kwa upande wa mashariki, kupitia handaki lililofunguliwa mwaka 1930. Washa taa, usisimame ndani. Bryce iko juu ya mita 2,400, jaketi lazima, hata Juni.

Sasa barabara namba 12, ambayo kwangu mimi ndiyo safari yenyewe. Ukishaupita mji wa Escalante utapanda mgongo mwembamba wa mwamba, korongo kushoto, korongo kulia, na kingo za chuma hakuna. Shusha gia, usikanyage breki mfululizo. Kuna anayekuharakisha nyuma? Ingia pembeni kwenye eneo la kutazamia mandhari, apite zake. Boulder, kijiji kinachofuata, miaka ya 1930 bado kilikuwa kinaletewa barua kwa nyumbu wa mizigo, na ukiiona njia hutashangaa. Mlima ulio mbele yake upite mchana. Ng'ombe na kulungu hukatiza barabara bila taarifa.

Capitol Reef ina bustani za matunda zilizoanzishwa na walowezi wa Kimormoni. Yakiiva, bustani zenye kibao cha ruhusa unachuma na kula.

Ukifika mji wa Hanksville jaza mafuta, hata kama tangi liko nusu, kwa sababu kutoka hapo hadi mji wa Green River hakuna sheli. Ukilipa kwa kadi kwenye pampu ikakuuliza namba ya posta (ZIP code), na kadi yako si ya Marekani, usihangaike nayo. Ingia ndani, mtajie keshia namba ya pampu na kiasi unachotaka, ulipe kwanza. Moab ni mwendo wa saa mbili hivi, na chumba uwe umeshakilipia, hasa Aprili na Oktoba.