Mamogramu ni ya asiyeumwa

Haya, shikamooni mama zangu, na wadogo zangu mambo. Mwenyekiti kanipa nafasi kidogo kabla hamjaanza kununua hisa, kwa hiyo sizunguki. Mimi kazi yangu eksirei, mashine ya mamogramu, yaani eksirei ya matiti, ndo nashinda nayo, na neno nalosikia mlangoni kila siku ni "kwetu hakuna hii kitu", yaani kansa ya titi kwenye ukoo. Sawa, kwenu hakuna. Ila kansa za matiti za kurithi, zile za jeni kama BRCA1 na BRCA2, ni kama 5 mpaka 10 tu kwenye kila 100, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema karibu nusu ya wanaopata hawana sababu yoyote ya kushika zaidi ya kuwa mwanamke na umri kwenda. Pombe inaongeza hatari, unene baada ya hedhi kukoma unaongeza, kunyonyesha kunapunguza. Hela kwenye sidiria haihusiani kabisa, wekeni tu.

Sasa kipimo chenyewe. Unavua juu, titi linalazwa kwenye bamba, bamba lingine la plastiki linashuka linabana sekunde chache, picha mbili kila titi, moja toka juu moja kwa ubavu. Inabana, siwadanganyi, ndo maana nasema njoo wiki moja baada ya hedhi, matiti yanakuwa hayajajaa. Tukilitandaza vizuri mionzi inatumika kidogo na kitu hakijifichi nyuma ya kingine. Halafu jamani usipake deodoranti wala poda siku hiyo! Zile chembe zinatoka kwenye picha kama vidoa vyeupe, na vidoa vyeupe vidogovidogo ndo tunavyovitafuta, daktari anakodolea macho kwapa la mtu kumbe ni poda.

Umri wa kuanza kupima, kwa asiyeumwa? Marekani tangu 2024 wanaanza miaka 40 mpaka 74, kila miaka miwili, Uingereza wao wanaanza 50 na ni kila miaka mitatu, kwa hiyo hata wakubwa hawajakubaliana. Binti mdogo titi lake kwenye picha ni jeupe na uvimbe nao mweupe, huyo kwa kawaida tunaanza na ultrasaundi. Ila kama kwenu mama au dada aliugua, mwambie daktari mapema, usisubiri hiyo 40.

Ukiitwa kurudia usizimie, wengi wanaoitwa hawana kansa. Na kinyume chake, picha ikiwa safi lakini mkono wako unagusa uvimbe, au chuchu imeingia ndani, au inatoa damu, rudi hospitali, maana mashine nayo inakosa.

Mama kule nyuma kauliza kama kutolewa kinyama cha titi kwa sindano kikapimwe kunasambaza kansa. Hapana mama, ile sindano haisambazi, na bila hicho kinyama daktari hajui ni kansa ya aina gani, na dawa zake hazifanani.